Macho ya Ukoo Wetu

Mapendo, binti yangu,

Umetoka na mama yako kwenda kutafuta kitenge cha kufungia vyombo vyako, nami nimeweka kiti mlangoni, pale mwanga wa mchana unapofika. Ninaandika sasa kwa sababu jioni sitaiona karatasi. Mistari ikipanda na kushuka kama njia za Masisi, usicheke. Jicho la kushoto limekufa, na la kuume linaona kama mtu anayechungulia ndani ya kipande cha mwanzi. Neno ninaloliandika ninaliona vizuri kabisa. Mkono ulioshika karatasi siuoni.

Kesho unapanda pikipiki, hii tunayoiita moto, mpaka Walikale, halafu barabara ya Lubutu hadi Kisangani, kwa shangazi yako. Mambo ya sabuni, ya kukaa kwa watu, ya kutoamka jua likiwa juu, mama yako amekwisha kukuambia, na mengine ameyarudia mpaka kuku wetu wameyashika. Mimi nina habari moja tu, na ninaiandika kwa hasira. Sikuombi radhi kwa hiyo hasira. Nataka uichukue pamoja na mzigo wako.

Jana nilikuomba ukifika kule uende kwa dokta wa macho. Ukacheka. Ukasema, “Papa, macho yangu iko muzuri. Minaona mpaka mbuzi ya ngambo ya mulima.”

Nawe ukafikiri umenishinda. Sasa sikiliza. Hata mimi nilikuwa ninaiona ile mbuzi.

Tulipokuwa Muheto ulikuwa bado mdogo, sijui kama unaikumbuka ile njia iliyopita juu ya shamba letu la maharage. Watu walipita pale kutwa nzima. Unajua kwetu mtu akikupita bila kukusalimia amekutukana, na amewatukana waliokuzaa. Basi mimi, bila kujua, nilianza kuwatukana watu. Aliyekuja mbele yangu nilimsalimia na kumwuliza habari za watoto. Aliyepita ubavuni, au aliyeinama kando akipalilia, nilimpita kama kisiki. Likaanza neno kwamba Papa Mapendo amekuwa mkubwa. Likafika kanisani. Siku moja, baada ya misa, wazee wakaniita, na Mama Riziki, jirani yetu wa mpakani, alikuwa amekaa pale anasubiri.

“Papa Mapendo,” mzee mmoja akasema, “unapita mbele ya huyu mama sawa vile unapita mbele ya muti. Alikukosea nini?”

“Hajanikosea kitu. Mimi sikumuona.”

“Hukuniona!” Mama Riziki akasimama. “Jembe yangu ilibakia kidogo iguse koti yako! Kitabu ya misa unaiona, mimi mwenye mwili mukubwa hivi, huone?”

Watu wakacheka, na kweli alikuwa na haki ya kuuliza. Asubuhi ile ile nilikuwa nimesoma somo mbele ya kanisa zima, herufi ndogo ndogo, bila kujikwaa hata mara moja. Mtu asomaye namna ile atakosaje kumwona mwanamke na jembe lake? Wazee wakaamua kwamba ni kiburi. Mimi nikaamua kwamba Mama Riziki ni mwongo. Tukakaa hivyo, hatusemezani, mpaka vita vikaja vikatutawanya, yeye na mzigo wake kule, sisi na wetu huku.

Ugonjwa huu hauanzii katikati, mwanangu. Unakula pembeni, kama panya anayetoboa gunia la maharage upande wa ukutani. Wewe mwenye nyumba unaona gunia limesimama, limejaa, unalala usingizi. Siku unapolisogeza unakuta ganda tupu. Wala hauumi. Laiti ungeuma! Jino likiuma unatembea usiku kucha kumtafuta mtu wa kuling'oa. Jicho linakufa huku unakula, unaimba, unauza mihogo.

Tulipofika hapa Ntoto ndipo mwili wangu ulipoanza vituko vingine. Kiu ilinishika kama mtu aliyekula chumvi. Nilikunywa maji, nikatoka nje, nikarudi, nikanywa tena. Suruali ikawa haikai kiunoni. Mama yako akanipeleka kwenye kituo cha afya, muuguzi akanichoma kidole, akatazama kile kimashine chake, akasema, “Papa, uko na ugonjwa ya sukari.” Akanipa vidonge. Akanikataza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, akaniambia nipunguze fufu, ugali wetu wa muhogo. Nilimshukuru, na mpaka leo namshukuru, maana alinirudishia mwili. Lakini kwa muda wote niliokwenda kwake, nimepimwa kidole, nimepimwa uzito, nimeangaliwa miguu, hakuna aliyeniambia, “Papa, na macho je?” Hata mara moja. Mimi nami sikuuliza, kwani mtu anaulizaje kitu asichokijua? Na njia ilipofungwa na wenye bunduki, vidonge havikufika, nikawa ninangoja kama wengine wote, sukari inapanda ndani yangu kama maji ya mto usio na daraja.

Halafu macho yakawa mekundu. Sokoni kulikuwa na mtu mwenye sanduku la dawa, aliyejiita dokta, na kila mtu akamwita dokta kwa sababu alivaa koti jeupe. Akanitazama bila hata kunisogelea. “Hii ni vumbi tu, Papa. Tia hii asubuhi na mangaribi.” Nikatia. Wekundu ukaondoka siku chache tu! Nikamsifu kwa watu. Kila chupa ilipoisha nilirudi kuchukua nyingine, miezi na miezi, na yule bwana hakuniuliza hata siku moja kama nina ugonjwa mwingine, wala kwa nini mtu mmoja anamaliza chupa nyingi namna ile. Alicheka tu na kunisalimia kwa heshima. Hospitalini, baadaye, dokta wa kweli alipoishika ile chupa na kuisoma, aliiweka mezani kwa nguvu hata kikaruka kifuniko. Akasema dawa ya namna ile, ikitiwa muda mrefu bila kupimwa, huweza kupandisha presha ndani ya jicho. Inaondoa wekundu nje, na ndani inakaza. Nililipia kwa mkono wangu mwenyewe kitu kilichonipofusha, nikasema asante.

Ile siku ya bariyeri hatujakusimulia, wewe ulikuwa shuleni. Tulikuwa tunarudi, mimi na mama yako, upande wa njia ya Bisie, ambako zamani, kabla kampuni ya madini haijaingia, nilikuwa ninawapelekea wachimbaji maharage mgongoni. Vijana wenye bunduki walikuwa wameweka bariyeri yao, kamba iliyofungwa kukata barabara. Kila mtu aliiona, akasimama. Mimi nilikuwa nimegeuza uso nikizungumza na mama yako, nikaenda moja kwa moja, nikaivuta kamba kwa kifua na mti waliouegemeza ukaanguka. Mmoja akanipiga kwa kitako cha bunduki, hapa begani.

“Wee muzee! Umelewa ao unatuzarau?”

“Sijalewa…”

“Kamba iko hapa! Kila muntu anaiona!”

Akanyanyua tena bunduki. Hapo mama yako akaingia katikati yetu, akatandaza mikono. Unamjua mama yako, sauti yake haipandi hata akikemea mbuzi. Siku ile ilisikika mpaka msituni.

“Haone! Muacheni! Huyu muntu haone!”

Nitakuambia aibu yangu ilikuwa kwa nani. Haikuwa kwa yule kijana. Nilimkasirikia mama yako. Walipotuachilia, nikatembea mbele kwa hasira, nikamwambia, “Juu ya nini unanifanya kipofu mbele ya watu? Mimi minaona!”

“Unaona?”

“Minaona!”

“Simama basi. Tazama ule muti mbele, usigeuze kichwa.” Akasogea kando yangu. Nikasubiri. “Vidole ngapi?”

“Vidole wapi?”

“Papa Mapendo. Mukono yangu iko karibu na sikio lako. Ninapepea.”

Nikageuza kichwa, na mkono wake ulikuwa pale pale, karibu kunigusa. Akahamia upande wa pili, ikawa vile vile. Tulisimama katikati ya njia, watu wanatuzunguka na mizigo yao, na mama yako akaanza kulia, akiwa bado ameinua mkono.

Ungetegemea kwamba siku ya pili tulikwenda hospitalini. Hapana. Tulishauriwa kwanza twende chumba cha maombi, na tukaenda, kwa sababu mwenye shida hakatai mlango. Kiongozi wa pale akafumba macho, akatetemeka, akasema ameona mwanamke mzee, yeye mwenyewe haoni, naye ndiye amechukua macho ya mtoto wake ili apate kuona gizani. Kila mtu mle ndani alijua anamsema nani. Tate yako Veronika, mama yangu, tuliyembeba kutoka Muheto mgongoni, alikuwa amekwisha kupofuka tangu miaka mingi, na alikaa katika kile chumba cha nyuma ambamo wewe ulilala naye.

“Mumutoshe kwa nyumba,” akasema. “Akibakia, watoto watafuata.”

Nilisimama. Sikumpiga, namshukuru Mungu, lakini nilimwambia mbele ya watu wake, “Mama yangu njo alinizaa na haya macho. Kama aliyataka angebakia nayo.” Tukatoka, mama yako na mimi. Lakini maneno yalikwisha kutoka pia, yakafika sokoni kabla yetu. Toka siku ile watoto wa jirani walikatazwa kuchukua muwa mkononi mwa tate. Unakumbuka alivyokuwa anakaa mlangoni amenyoosha mkono wenye kipande cha muwa, na hakuna anayekuja? Ulikuwa unaniuliza kwa nini. Ndiyo sababu.

Hatimaye tukasikia kwamba kuna dokta wa macho amefika Walikale kwa siku chache. Nikaenda. Aliniwekea kidevu kwenye chombo, akatia matone, akamulika. Halafu akavuta kiti karibu, akaniambia ugonjwa unaitwa glokoma. Ndani ya jicho kuna maji, na maji yale yakikosa kutoka vizuri, presha inapanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu ule wa nyuma, unaochukua yote tunayoyaona na kuyapeleka kwenye ubongo. Bila huo, jicho linabaki zuri usoni na halina kazi.

“Wa kushoto umekufa, Papa,” akasema. “Siwezi kukudanganya. Hakuna dawa ya kuufufua. Wa kuume umebakia kidogo, na ile kidogo tunaweza kuichunga.”

Kisha akaniuliza kama nina ugonjwa mwingine. Nikasema sukari. Akaacha kuandika.

“Sukari? Tangu wakati gani? Na nani anakuangalia macho?”

“Hakuna muntu.”

Akashika kichwa. Akanieleza, na maneno haya ndiyo ninayotaka uyabebe. Sukari iliyopanda muda mrefu huharibu mishipa midogo sana ya damu, ile inayoulisha mshipa wa jicho na kile kitambaa cha ndani kinachopokea mwanga. Si kila mwenye sukari atapata glokoma, na si kila mwenye glokoma ana sukari. Lakini mtu mwenye sukari yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Na vikikutana katika mtu mmoja, ule mshipa unakandamizwa upande huu, na upande wa pili unakosa chakula. “Ni sawa muntu anapigwa,” akasema, “na tena ananyimwa kula. Atavumilia siku ngapi?”

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, Mapendo, na haijazeeka. Miaka yote ile nilikuwa mtu mmoja! Damu iliyopimwa kwenye kidole ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inapita nyuma ya jicho. Wa sukari alichukua kidole chake, mwuza dawa akachukua wekundu wake, mwombaji akachukua roho yangu, kila mmoja akashika kipande chake akaenda zake, na mimi mzima sikuonwa na yeyote. Na ninajua watasema nchi ni ya vita, njia ni mbaya, vifaa hakuna. Ni kweli. Lakini kumwambia mtu, “Una sukari, kapime macho,” kunahitaji kifaa gani? Ni maneno. Vita havijafunga midomo.

Akaniuliza swali la mwisho. “Kwenu, nani mwingine alipofuka?”

Nikasita, maana hilo lilikuwa swali la chumba cha maombi. Nikasema, “Mama yangu. Lakini yeye si muchawi.”

Akanitazama kwa mshangao. “Nani amesema uchawi? Hii ugonjwa inatembeaka katika ukoo. Inawezekana sana na yeye alikuwa nayo. Kama mulijua hivyo mapema, tungekupima ungali kijana. Leta watoto wako.”

Umeona sasa? Upofu wa tate yako ulikuwa onyo letu. Ulikaa nyumbani mwetu mchana kweupe, ukitutazama. Nao wakauchukua wakaufanya mashtaka.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake, kabla hata ya kunywa maji. Nikakaa kitandani, nikamweleza yote kwa Kihunde, polepole: maji ya ndani ya jicho, mshipa, ukoo. Alisikiliza akishika mkono wangu. Nilipomaliza akauliza kwa sauti ndogo sana, “Basi si mimi niliyekuloga?”

Nilifikiri nimesikia vibaya. “Mama, unasema nini?”

“Nilikuwa ninaomba kila siku,” akasema. “Nilimwambia Mungu, kama kuna kitu kibaya ndani yangu kinatoka nikiwa nimelala, anichukue kabla hakijafika kwa Mapendo.”

Alikuwa ameamini, binti yangu. Mwanamke aliyetulea kwa jembe juu ya vilima vile, aliyekuchekesha wewe ukiwa mgonjwa, alilala miaka karibu nawe akijiogopa. Alikufa mwaka uliofuata, akiwa anajua ukweli, na hilo linanituliza kidogo. Kidogo tu. Wale waliomfundisha kujiogopa walikuja mazikoni, wakala.

Mimi ninaendelea. Matone ya presha ninayatia kila siku. Mwanzoni niliyaacha muda fulani kwa sababu sikuona tofauti yoyote, mpaka dokta akanigombeza: dawa hii haikupi macho mapya, inakuachia yale uliyobaki nayo. Sukari ninaichunga, na mama yako ananichunga mimi. Kile kipande cha mwanzi hakijapungua tena.

Na siku ya wagonjwa wa sukari, ninakwenda kituoni mapema na kukaa kwenye benchi pamoja nao. Anayetoka kupimwa kidole ninamshika mkono na kumwuliza, “Wamekuambia juu ya macho?” Muuguzi alinifukuza mara ya kwanza. “Papa, unatuvurugia kazi!” Nikatoka, nikakaa nje ya mlango, nikaendelea. Tuligombana sana, watu wakawa wanakuja kusikiliza. Sasa anasema mwenyewe, kabla ya kuanza kupima, kwa sauti, kila mtu asikie. Wiki iliyopita alimtuma mama mmoja Walikale, akarudi na matone mkononi, macho yake yote mawili yangali mazima. Nilimtazama yule mama kwa furaha na kwa wivu.

Kwa hiyo usidhani kwamba Papa hana nguvu. Nimegombana na wengi mpaka wakaenda. Wewe tu ndiye siwezi kukuburuta, kila dokta anaporudi Walikale unakataa kwenda, una akili zako, una miguu mirefu, na kesho una moto. Nimebaki na karatasi hii.

Huko Kisangani, ukiingia kwa dokta wa macho, asikusomeshe herufi ukutani tu akuache uende. Herufi hata mimi nilizisoma. Mwambie apime presha ya jicho na autazame ule mshipa wa nyuma. Wakuchome kidole pia, wajue habari ya sukari, na mmoja amwambie mwingine alichokiona. Na wakikuuliza nani kwenu alipofuka, usiinamishe kichwa. Sema: papa yangu, na tate yangu Veronika wa Muheto. Sema jina lake lote, waandike.

Ninawasikia mnarudi. Unacheka huko njiani, sijui mama yako amekuambia nini. Nitaikunja hii niiweke katikati ya nguo zako, na nisipokuambia kitu kesho asubuhi, ujue ni kwa sababu nimekwisha kusema.

Ninakupenda, Mapendo. Nenda wakutazame macho ungali unaona.

Papa yako